Kwa nini hatung'oi jino siku unayokuja kuuliza bei ya waya

Mwezi uliopita mama mmoja alitutumia ujumbe mrefu wa sauti kwenye WhatsApp, akilalamika kwamba kliniki yetu huwazungusha wateja ili ipate kuwatoza zaidi. Binti yake wa miaka 15 alikuwa amepimwa, amepigwa eksirei, na ameambiwa kwamba magego madogo manne, yale yaliyo nyuma ya chonge, yatatolewa ili ipatikane nafasi ya kuyapanga meno ya mbele yaliyopandana. Hatukuyang'oa siku hiyo. Tulimpangia wiki ileile ambayo waya wa kunyoosha meno ungefungwa. Mama alipouliza bei ya kung'oa aliona ni mara mbili ya ile ya zahanati ya mtaani kwake, akampeleka binti huko, na meno yote manne yakatoka kwa Jumamosi mbili. Kisha ada ya shule ikaingia kati. Waliporudi kwetu ilikuwa imepita miezi saba, makadirio ya gharama yakapanda, muda wa matibabu ukarefuka, naye akaona amedhulumiwa. Kwa kuwa hili ni lalamiko la tatu la namna hii mwaka huu, tumeona tulijibu kwa maandishi.

Mfupa wa taya unaouzunguka mzizi upo kwa sababu ya jino, na jino likiondoka huanza kupungua. Ukuta wake wa nje, ule unaoelekea shavuni au mdomoni, mara nyingi haufikii hata unene wa milimita 1, kwa hiyo ndio unaotangulia kuisha. Sehemu lilipokuwa gego linaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya miezi 12, na takriban theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza, wakati mteja anajiona amepona kabisa na chakula hakimsumbui tena. Tulipochukua upya vipimo vya binti yule na kumimina plasta ili kupata mfano wa mataya yake, pande zote mbili za taya la chini zilionekana zimebonyea nyuma ya chonge, kama unga uliokandwa na kudidimizwa kwa kidole gumba.

Kwa anayetaka waya, ubonyeo huo ni zaidi ya suala la sura. Jino linaposukumwa taratibu kuelekea kwenye tundu ambalo bado lina upana wake, mfupa hujengeka nyuma yake kadiri linavyosogea, na pengo hufungika likiwa na mfupa wa kutosha pande zote. Ukilisukuma jino hilohilo kwenye mfupa uliokwisha kusinyaa, linakwenda polepole zaidi, mzizi wake unaweza kutokeza nje ya ukuta wa mfupa, na fizi hushuka au hujikunja na kufanya mfereji unaohifadhi mabaki ya chakula. Gego dogo lina upana wa milimita 7 hivi, nalo jino katika hali nzuri husogea takriban milimita 1 kwa mwezi. Ukijumlisha, utaona kwamba hata kwa aliyefuata ratiba hakuna haraka ya kusema, sembuse kwa yule ambaye mfupa wake umetangulia kuondoka.

Kuhusu bei ya kung'oa, hatuoni haya kuitetea. Gego dogo la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi miwili myembamba, na ukilishika kwa koleo ukalitikisa kwa nguvu kuelekea nje, ama ncha ya mzizi inavunjika na kubaki ndani, ama jino linatoka pamoja na ukuta ule mwembamba tulioutaja. Mwaka juzi kijana mmoja wa chuo alituletea jino lake amelifunga kwenye karatasi ya daftari ili tuone kwamba lilitoka zima. Kweli lilikuwa zima, ila pembeni ya mzizi palikuwa na kigamba cha mfupa, chembamba kama ukucha, ambacho yeye alidhani ni uchafu uliokauka. Sisi hutumia chombo chembamba kulegeza nyuzi zinazoushika mzizi, tukizunguka jino polepole bila kuegemea ukuta wa nje, na jino moja linaweza kutuchukua nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo mnayoilipia.

Eksirei nayo ina sababu. Wapo vijana walioondolewa yale yanayoitwa meno ya nailoni wakiwa wachanga, kwa imani kwamba ndiyo yanayoleta homa na kuharisha, na katika kuchokonoa huko chonge za ukubwani nazo ziliharibiwa au hazikuota kabisa. Ukimng'oa mtu kama huyo gego dogo zima kabla ya kuona picha, umemfungulia pengo la meno mawili. Mwanya wa kuzaliwa nao watu wetu wanausifia. Pengo la namna hiyo hakuna anayelisifia.

Wapo pia wanaokuja wakiwa wamesoma mtandaoni kwamba kung'oa meno kwa ajili ya waya ni tamaa ya madaktari. Mabishano hayo ni ya zamani: huko Marekani, daktari wa kupanga meno Edward Angle alishikilia kwamba meno yote yabaki, daktari mwenzake Calvin Case akampinga hadharani mwaka 1911, na miaka mingi baadaye Charles Tweed, aliyekuwa mwanafunzi wa Angle, aliyang'oa magego madogo ya wagonjwa ambao meno yao yalikuwa yamerudi kupindana. Kwetu sisi upungufu wa nafasi usiozidi milimita 4 kwa kawaida hauhitaji jino kutolewa. Ukifika milimita 10, ni mara chache tutaweza kukwepa. Katikati ya hapo tunaangalia midomo, fizi na unene wa mfupa, na mteja tunamweleza kabla hajatoa hata shilingi ya waya.

Njia ya mkato ya pili, ukiacha ile ya kuwahi kung'oa kwingine, inaigusa mizizi, nayo huanza na maneno mawili: "Daktari, kaza." Kati ya mzizi na mfupa pana utando wa nyuzi wenye unene wa robo ya milimita hivi, wenye mishipa ya damu. Nguvu ndogo huuamsha, upande unaobanwa mfupa ukaliwa na upande unaovutwa mfupa ukajengwa. Nguvu kubwa huuminya utando mpaka damu isipite, jino likakwama badala ya kukimbia, na seli zinazokuja kusafisha eneo lililokufa huula na mzizi wenyewe. Meno ya mbele ya juu ndiyo yanayoathirika zaidi, na pale magego madogo yalipong'olewa ndiyo yenye safari ndefu ya kurudi nyuma, kwa hiyo kwa wastani mizizi yake hufupika zaidi kuliko ya mtu ambaye hakung'olewa. Kwa wengi upungufu ni wa milimita 1 au 2 na hauwadhuru. Kwa wachache mzizi hupoteza theluthi nzima.

Tulikuwa na bwana harusi mtarajiwa aliyetaka waya utoke kabla ya siku yake. Tulikataa kubadilisha cheni za mpira zinazovuta meno kila wiki kama alivyoomba, na eksirei ya mwezi wa sita wa matibabu ikaonyesha ncha za mizizi ya mbele zimeanza kuwa butu, kama penseli iliyoandikia sana. Baadaye alikumbuka kwamba aliwahi kuanguka na baiskeli akaumia meno hayohayo, jambo ambalo hakulitaja mwanzoni. Tuliulegeza waya ukakaa bila kuvuta kwa miezi mitatu. Alisema tunamlipisha kwa kukaa bure, ingawa kwa miezi hiyo hatukumtoza kitu. Alifunga ndoa akiwa na waya mdomoni, mizizi haikuendelea kulika, na picha za harusi mkewe ametuonyesha mwenyewe.

Binti wa yule mama tunaendelea naye. Gharama ya vipimo vilivyorudiwa tumeiondoa, lakini miezi iliyoongezeka hatuwezi kuiondoa. Upande wa kulia limebaki pengo la milimita 2, wa kushoto 4, na kila baada ya wiki nne anakuja kubadilishiwa mpira. Aliyekwisha kung'olewa kwingine tunamwomba aje mapema, hata kama hela ya waya haijatimia, na kama anayo eksirei iliyopigwa kabla ya meno kutoka, aje nayo.