Sala ya kiongozi si jibu la swali la raia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu viongozi wa siasa wanaotangaza imani zao hadharani. Mimi sina dini na siamini kuwa Mungu yupo, jambo ambalo halijanizuia kuelewana na watu wa dini wala kusimama kwa adabu mkutano unapofunguliwa kwa dua. Nalisema mapema ili msomaji ajue barua hii inatoka kwa mtu wa namna gani, na asije akadhani kwamba nataka rais akatazwe kwenda kanisani au waziri akatazwe kwenda msikitini. Kiongozi ni binadamu mwenye imani yake, na kumtaka aifiche ni kumfundisha unafiki.

Lalamiko langu ni dogo kuliko hilo, ingawa nadhani lina uzito zaidi. Linahusu pale jina la Mungu linapotajwa mahali ambapo kiongozi alipaswa kutoa sababu. Raia akiuliza kwa nini uamuzi fulani umepitishwa, akajibiwa kwamba kiongozi ameomba na ameonyeshwa njia, mjadala umefungwa hapo hapo. Takwimu naweza kuzihoji, sheria naweza kuipinga mahakamani, bajeti naweza kuomba nionyeshwe vifungu vyake. Lakini yale ambayo mtu ameambiwa katika sala zake sina namna ya kuyahoji, na hata muumini mwenzake hana. Isitoshe, anayeendelea kuuliza huonekana anashindana na Mungu, ilhali anachohoji ni kazi ya serikali.

Chukua mfano wa Tanzania mwaka 2020. Mwezi Aprili Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa dhidi ya virusi vya korona. Kwa hilo pekee sina neno, kwa kuwa watu walikuwa na hofu na wenye desturi ya kuomba waliomba. Lakini wiki chache baadaye serikali iliacha kutoa takwimu za wagonjwa, zikiwa zimefikia 509, na vifo 21. Na ilipofika Juni, Rais akatangaza kwamba ugonjwa umeondolewa kwa uwezo wa Mungu kutokana na maombi ya wananchi. Tangu hapo, aliyetaka kujua hospitali zina wagonjwa wangapi aliuliza swali la kitabibu akapewa ushuhuda wa kidini. Na miongoni mwa waliovunja ukimya huo walikuwamo watu walio mbali kabisa na msimamo wangu: Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilionya juu ya wimbi jipya la maambukizi na kuhimiza tahadhari. Maaskofu wanaiamini sala kuliko nitakavyoweza kuiamini mimi maisha yangu yote, na bado hawakuona kwamba sala inaondoa haja ya kujua hali ilivyo.

Nchini Zambia, Rais Frederick Chiluba alitangaza tarehe 29 Desemba 1991, hata miezi miwili haijatimia tangu aingie madarakani, kwamba nchi hiyo ni taifa la Kikristo, na mwaka 1996 tamko hilo likaingizwa katika utangulizi wa Katiba. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya London, katika shauri la madai lililofunguliwa na Mwanasheria Mkuu wa Zambia, ilimwona kuwa alihusika na wizi wa mamilioni ya dola za umma. Mwaka 2009 mahakama ya Zambia ikamwachia huru katika kesi ya jinai. Msomaji ana hiari ya kuchagua hukumu anayoikubali. Ninachokiona mimi ni kwamba mambo hayo yalipaswa kuamuliwa kwa ushahidi wa mahali fedha zilipopita, na lile tamko la mwaka 1991 halikumsaidia hakimu yeyote kujua fedha zilikwenda wapi.

Najua nitajibiwa kwamba mcha Mungu huogopa kuiba. Huenda ni kweli kwa baadhi yao, nami nimewafahamu waumini ambao ningewakabidhi ufunguo wa hazina bila wasiwasi. Tatizo ni kwamba hofu iliyo moyoni haikaguliwi. Mahali ambapo kuonekana huna dini kunakupotezea kura, mwenye imani na asiye nayo watakaa safu moja ya mbele siku ya ibada, watafumba macho kwa pamoja, na mpiga kura hatakuwa amejua lolote juu ya mmoja wao. (Ningekuwa muumini, hili lingeniudhi kuliko linavyoniudhi sasa.)

Wapo viongozi waliokuwa na imani ya dhati na wakalielewa jambo hili. Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki mwenye bidii ya kuhudhuria misa, lakini hakuigeuza serikali yake kuwa ya Kikatoliki, na Katiba ya Tanzania mpaka leo inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. John F. Kennedy, naye Mkatoliki, alipokuwa akigombea urais wa Marekani, alisimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston tarehe 12 Septemba 1960 akawaambia kwamba maamuzi yake yatafuata masilahi ya taifa bila shinikizo la kanisa lake. Na endapo wadhifa huo ungemlazimisha kuvunja ama dhamiri yake ama masilahi ya taifa, angejiuzulu. Sijui kauli nyingine ya mwanasiasa muumini inayonituliza kama hiyo, kwa sababu inampa asiyeamini kitu cha kumdai. Hakuikana imani yake, ila alieleza mapema itakapogongana na kazi yake atafanya nini.

Suala la viapo nitaligusa tu. Charles Bradlaugh, asiyeamini Mungu, alichaguliwa kuwa mbunge Uingereza mwaka 1880 na, kwa sababu ya mgogoro juu ya kiapo cha kumtaja Mungu, hakuruhusiwa kukaa kwenye kiti chake kwa utulivu mpaka 1886. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mtu kuapa au kuthibitisha bila kumtaja Mungu. Kwa maandishi, basi, njia yetu ipo. Kinachokosekana ni mgombea atakayethubutu kuipita mbele ya kamera.

Ombi langu ni kwenu wanahabari. Kiongozi akisema mvua imechelewa na taifa liombe, andikeni kwamba amesema hivyo, kisha muulizeni ghala la taifa lina nafaka ya kutosha miezi mingapi, na jibu lake lichapishwe katika habari hiyo hiyo. Akikataa kujibu, nalo liandikwe.

Wako,
Msomaji asiye na dini