Kabla ya kuiuza Honda 70 kwa kilo, ipimwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuma mawili yaliyopita kwamba pikipiki za zamani zilizolala mabandani ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa injini zake zimekwisha, klachi zake hazishiki, na mafundi wa kuzirudisha barabarani hawapo tena. Simlaumu, maana hata mimi niliambiwa hivyo hivyo kuhusu Honda 70 ya marehemu baba yangu, ambaye alikuwa bwana shamba na aliitumia kwa miaka mingi kati ya Muheza na Pongwe. Pikipiki hiyo leo inatembea. Injini na klachi yake nilizifungua na kuzifunga mwenyewe, barazani kwangu hapa Ngamiani, na katika kazi hiyo nimejifunza kwamba injini nyingi za aina hii huhukumiwa kifo bila kupimwa, wakati vipimo vyenyewe vinawezekana nyumbani kwa vifaa vichache.

Katika gereji ya kwanza nilikoipeleka, ambayo sitaitaja, fundi aliipiga kiki mara tatu, akautazama moshi wa bluu, akaniambia ninunue injini nzima. Injini mpya zinazofuata umbo hilohilo la Honda bado zinatengenezwa, hasa China, na hukaa kwenye fremu bila taabu kubwa. Kwa kijana wa bodaboda anayetakiwa kupeleka hesabu kwa bosi kila jioni, huenda huo ukawa ushauri wa busara. Lakini fundi yule hakufungua hata plagi. Wala hakunikumbusha kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, na kwamba mwenye kubadili injini hujitwisha pia safari za Mamlaka ya Mapato (TRA) ili kadi na chombo visipingane.

Ilibidi nianze kwa kuielewa mashine yenyewe. Ukoo wa pikipiki hizi ulianza Japani mwaka 1958, Soichiro Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa walipotoa Super Cub, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Nayataja haya kwa sababu ya klachi, kifaa kinachounganisha na kuachanisha nguvu ya injini na gea. Honda alitaka chombo ambacho mpeleka chakula angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sinia, ndiyo maana usukani wake hauna mkono wa klachi. Kranki, yaani mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, inapozunguka taratibu klachi huwa imeachia. Kasi ikiongezeka, vyuma vidogo vilivyo ndani yake hutupwa nje na kuzikandamiza sahani zishikane. Mguu unapokanyaga pedali ya gea, pedali hiyohiyo kwanza huifungua klachi, ndipo gea ibadilike. Asiyejua hili hutafuta ubovu mahali usipokuwepo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua kitu chochote zaidi ya plagi. Mtu huziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kupiga kiki, akasikiliza nguvu ya hewa inayokisukuma kidole. Kisha humimina oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai ndani ya tundu hilo na kurudia. Hewa ikiongezeka nguvu baada ya oili kuingia, ringi (pete za pistoni) au silinda zimelika, kwa sababu oili imeziba kwa muda mwanya uliopo kati yao. Isipoongezeka, lawama iende kwa valvu. Yangu iliongezeka sana, nikajua pa kuanzia kabla sijashika spana.

Kuishusha injini ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukishatoa ekzosi, kabureta, cheni, vyuma vya kukanyagia na nyaya, injini ya Honda 70 inashikwa kwenye fremu na bolti mbili tu, na mtu mzima anaibeba peke yake hadi mezani. Kilichonisumbua kuliko vyote ni skrubu za vifuniko. Skrubu za Kijapani zina msalaba unaotofautiana kidogo na ule wa bisibisi zetu za kawaida za nyota, hivyo bisibisi huteleza na kuula msalaba mpaka unakuwa tundu la mviringo. Nilifanikiwa baada ya kuazima bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile inayogeuka kila inapopigwa. Kila kilichotoka nilikitia katika kopo lake lenye jina, na nati nne za kichwa cha silinda nilizichorea ramani kwenye ubao, kwa kuwa nati na washa zake hazifanani zote, na kuzichanganya ni kukaribisha oili ivuje.

Silinda ndiyo iliyonifundisha zaidi, na hapa naomba wasomaji wanivumilie. Sikuwa na kifaa cha kupimia kipenyo cha ndani, bali nilikuwa na fila geji, yale majani membamba ya chuma yanayouzwa kwa bei ya sahani ya pilau. Nilichukua ringi mpya ya kipimo cha kiwandani, nikaisukuma ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, nikapima pengo kati ya ncha zake. Chini kabisa, mahali ambapo ringi za pistoni hazifiki na hivyo hapaliki, pengo lilikuwa milimita 0.20. Juu, karibu na mdomo wa silinda, lilikuwa 0.55. Kwa kuwa mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, tofauti ya mapengo hayo mawili, yaani 0.35, ikigawanywa kwa 3.14 inatoa takriban 0.11, na hicho ndicho kiasi ambacho kipenyo kilikuwa kimepanuka. Silinda ya Honda 70 ni ya milimita 47, na kwa chombo kidogo kiasi hicho 0.11 ni nyingi mno. Kuweka ringi mpya peke yake, kama fundi wa pili alivyopendekeza, kungekuwa kutupa fedha.

Hata hivyo silinda hiyo haikuwa ya kutupwa. Imetengenezwa kwa chuma cha kalibu, na pistoni zake huuzwa pia kwa vipimo vilivyozidi kidogo, vinavyopanda kwa robo milimita, hivyo silinda iliyolika inaweza kuchongwa ikafuata pistoni kubwa zaidi. Yangu ilitosha kuchongwa kwa 0.25. Kwanza nilinunua pistoni, ndipo nikaipeleka silinda kwa fundi wa kerezo pamoja na hiyo pistoni mkononi, kwa kuwa nafasi inayotakiwa kati ya viwili hivyo ni sehemu chache tu za mia za milimita, na fundi anayechonga kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi, bila kuipima pistoni yenyewe, anakisia. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyotoka nje ya baraza langu. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, niliipima kwa kuivuta juu na chini: kucheza kidogo upande kwa upande kunaruhusiwa, bali kucheza juu na chini ni ugonjwa. Yangu ilikuwa nzima, na namshukuru Mungu, kwa sababu kranki hiyo imeshindiliwa kwa mashine na haifai kugongwagongwa nyumbani.

Valvu nilizisaga kwa pesti, kisha nikamimina mafuta ya taa katika njia zake na kuyaacha kwa saa moja nione kama yatapenya. Yalipenya upande wa ekzosi, nikarudia kusaga mpaka pakauka.

Nikiri na kosa langu. Wakati wa kufunga pistoni sikuuziba mdomo wa injini kwa kitambaa, na klipu ndogo ya pini ikaruka ikazama ndani. Mke wangu alinikuta nimekaa chini na tochi mdomoni, akacheka, akaniletea sumaku ya spika mbovu. Haikusaidia. Nililazimika kuipasua injini nzima, na kazi ya dakika kumi ikawa ya siku mbili. Tangu siku hiyo kitambaa ndicho kifaa changu cha kwanza mezani.

Sasa nije kwenye klachi, ambayo msomaji mwenzangu aliitaja kama hukumu ya mwisho. Klachi hii hukaa kwenye ncha ya kranki, upande wa kulia, imebanwa na nati ya duara yenye mapengo manne. Soketi ya kawaida haiingii hapo, kwa hiyo mafundi wengi hutumia patasi na nyundo. Nati ya baba yangu ilikuwa na makovu ya patasi ya mafundi watatu au wanne, na kila kovu lilikuwa limeyapanua mapengo mpaka nati ikawa haikazwi ipasavyo. Nilikata kipande cha bomba la chuma, nikakichonga meno manne kwa tupa, nikachomelewa nati kubwa upande wa pili ili spana ishike. Kazi ya asubuhi moja.

Nilipofungua kifuniko cha duara kilicho mbele ya klachi nilielewa kwa nini injini hii ilikuwa imelika hivyo. Kifuniko kile ndicho chujio lake la oili: kinazunguka pamoja na kranki, na mzunguko huo huutupa uchafu kwenye ukuta wa ndani na kuuacha umeganda hapo. Ndani yake nilikuta tope jeusi, zito kama lami, lililojaa kiasi cha kutobakiza nafasi ya uchafu mwingine. Kwa miaka yote hiyo oili ilikuwa ikibadilishwa lakini chujio halikuguswa, kwa sababu halionekani bila kufungua kifuniko cha upande, na ule uchafu uliokosa pa kukaa ulirudi kuisugua silinda.

Sahani za klachi zenyewe hazikuwa zimekwisha. Unene wake, kwa vernia, ulikuwa bado unatosha, ila nyuso zake ziling'aa kama kioo. Moja ya sahani za chuma, nilipoilaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ilipitisha chini yake jani la fila geji la 0.30, maana yake imepinda, hiyo niliibadilisha. Zile za msuguano nilinunua mpya, kwa kuwa bei yake ni ndogo, nikazilaza kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzifunga. Kuhusu oili, nisisitize jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza. Klachi ya Honda 70 inaoga oili ileile ya injini, na oili za magari zinazotangazwa kuwa zinaokoa mafuta hutiwa dawa za kupunguza msuguano, ilhali klachi inaishi kwa msuguano. Mtu atafute kopo lenye alama ya JASO MA, iliyowekwa kwa ajili ya pikipiki zenye klachi ya namna hii. Injini inameza chini kidogo ya lita moja, kwa hiyo gharama si kisingizio.

Hatua ya mwisho, na inayokosewa zaidi, ni kuirekebisha. Kwenye kifuniko cha kulia kuna skrubu yenye nati ya kuifunga. Nati ikilegezwa, skrubu huzungushwa kwa mwelekeo wa saa duru moja hivi, kisha hurudishwa kinyume mpaka mkono uhisi upinzani mdogo, na kutoka hapo huzungushwa tena kwa mwelekeo wa saa sehemu moja ya nane ya duru, ndipo nati ikazwe huku skrubu imeshikwa isigeuke. Anayeizungusha kinyume kwa nguvu kupita upinzani huo akidhani anaongeza mshiko huiacha klachi imefunguka nusu, nayo huteleza kila inapopanda mlima. Nina hakika zipo Honda zilizouzwa kwa kilo kwa ajili ya skrubu hiyo.

Kabla ya kupiga kiki ya kwanza nililinganisha alama ya T kwenye magneti (gurudumu la sumaku) na alama ya injini, pamoja na ile ya O kwenye gea ya juu ya cheni ya taimingi, nikaweka mwanya wa valvu milimita 0.05 na wa pointi (swichi ya kutoa cheche) milimita 0.35 injini ikiwa baridi, nikaizungusha kwa mkono duru kadhaa nisikie kama kuna kinachogusana. Iliwaka kwa kiki ya sita. Kilomita 500 za mwanzo niliziendesha kwa upole, nikamwaga oili ya kwanza, ambayo niliipeleka gereji kwenye pipa la oili chafu badala ya kuiacha mtaroni.

Ndugu Mhariri, vipimo hivi vyote nimevipata katika kitabu cha Kiingereza ambacho baba alikihifadhi ndani ya mfuko wa mbolea, na vijana wengi wa gereji zetu hawajawahi kukiona cha namna hiyo. Ukurasa wenu wa teknolojia ungeweza kuchapa jedwali moja kila juma, pikipiki moja kwa wakati, kwa maneno ambayo mafundi wenyewe hutumia: ringi, konrodi, klachi, pointi. Na vyuo vya ufundi vyenye maikromita na mashine za kuchongea silinda, VETA ikiwamo, vifikirie kufungua karakana Jumamosi moja kwa mwezi kwa wananchi wanaotaka kupimiwa kabla ya kununua spea.

Mwandishi wa barua ile alisema naye ana Honda chini ya mwembe. Kama hajaiuza, ile soketi yangu ya bomba ipo na nipo tayari kumwazima. Nitaiacha katika ofisi yenu ya Tanga, aje kuichukua, mradi airudishe.

Wako,
Mstaafu wa bandari,
Ngamiani, Tanga