Kamishna wa Data, hiyo "nakubali" ni ya nani?

Mheshimiwa Kamishna,

Mimi ni fundi wa simu hapa Likoni, Mombasa. Mwaka jana mama mmoja muuza mboga aliniletea simu yake nimwekee programu ya mkopo. Yakatokea maandishi ya Kiingereza, madogo kama mbegu za mchicha. Akayasukuma kwa kidole, hayaishi. "Mwanangu, hapa wanasema nini?" Nilikuwa na watu watatu wanangoja. Nikamwambia, bonyeza "nakubali" tu, mama, wote hubonyeza.

Alipochelewa kulipa shilingi elfu mbili, wakampigia mkwewe. Mkwe! Namba waliichota kwenye simu yake, kwa ruhusa ile ile niliyomharakisha aitoe.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa mtandaoni kuwasumbua watu wa mdaiwa, na ofisi yako imeshatoza faini. Sawa, ila hayo huja baada ya aibu. Langu ni pale mwanzo, kwenye kitufe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, ya mtu anayeelewa anachoridhia, na mzigo wa kuithibitisha ni wa anayekusanya data. Basi athibitishe. Tangazo lake la redio ni Kiswahili. Ujumbe wa kudai ni Kiswahili, tena cha kuchoma. Sera ya faragha, yaani yale maandishi ya kabla ya "nakubali" yanayoeleza data yako itatumiwaje, peke yake ndiyo iliyosoma Kiingereza, na chenyewe cha mawakili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, kwa hiyo siombi hisani.

Wala wasituletee tafsiri ya "wahusika wengine" na "maslahi halali", maana hapo tumehama giza kwenda giza. Waseme: tutasoma namba zote zilizo simuni mwako, tutampa fulani, ukikataa, mkopo utapata au hupati. Asiyejua kusoma awekewe sauti asikilize.

Ofisi yako ndiyo inayowasajili. Kabla ya kumpa mtu cheti, chukua sera yake umpelekee muuza mboga yeyote wa soko la Kongowea, kisha umuulize amekubali nini. Akikosa la kujibu, cheti kingoje.

Wako,
Fundi wa simu, Likoni