Pizza ya nyumbani inaanzia mu unga

Mwanangu, papa yangu,

Salamu mingi kutoka Goma, siye wote tuko bien, badogo bako banakusalimia. Uliniuliza vile tulitengeneza ile pizza uliona mu foto, na unasema huko Lubumbashi unataka kujaribu na benzako, nimeona mesaji haitoshi, njo maana nakuandikia barua mzima.

Kitu ya kwanza ujue: pizza ni mkate. Batu banafikiri ni fromaji na nyama, bananunua bintu mingi ya kuweka juu alafu unga banaukimbiza nusu saa, hapana mwanangu, muda wako wote uuweke mu unga. Chukua unga ya ngano grama 500, maji kama mililita 320, chumvi grama 10, levire ya kukauka kijiko kidogo kimoja, mafuta kidogo. Maji ya moto inaua levire, iwe ya uvuguvugu tu vile ya kuogesha mtoto mchanga. Kanda dakika 10 na nguvu, na ukiona ingali inanata mikononi usikimbilie kuongeza unga, ifunike, ngojea dakika 10 alafu rudilia, utaona yenyewe imelegea juu ngano inahitaji muda ya kunywa maji.

Kisha funika na kitambaa kibichi uache ivimbe mpaka iwe mara mbili. Hapa kwetu tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na unga inapanda mbio, huko kwako pia ni juu, na wakati ya joto njo mbaya zaidi, kwa hiyo usiangalie saa, angalia unga. Kama uko na frigo na umeme haikatikekatike, punguza levire nusu uilaze humo usiku mzima, utamu yake ni ingine kabisa, mimi naipenda hivyo kuliko zote.

Sasa moto. Kule Napoli banapika mu tanuri ya kuni inafika digri 485, sekunde 60 mpaka 90 imeiva, na ule ufundi yao UNESCO iliuandika mu urizi ya utamaduni ya binadamu mwaka 2017. Siye tuko na mbabula na makala, na inaiva vizuri! Tafuta sufuria nzito, iweke tupu kwa moto mpaka ipate joto sana, ingiza unga umetandaza, funika na kifuniko ya chuma, alafu makala mengi uweke JUU ya kifuniko, chini ubakize kidogo. Wengi banafanya kinyume, chini inaungua na fromaji juu ingali nguvu. Angalia kisha dakika 8 hivi, sufuria haina hasira ya Napoli, inahitaji muda yake.

Tomati uzipike kwanza na kitunguru, ai na chumvi mpaka maji yote inakauka, ukiziweka mbichi unga italowa. Fromaji, tumia ya Masisi, ile changa ingali laini, ya kukomaa sana inatoa mafuta mingi ikiyeyuka. Ikune, weka kidogo, acha kandokando bila kitu ili mkate ipande. Juu yake siye tuliweka sambaza za kukaanga na pilipili, Baitalia banaweka samaki zao ndogo za chumvi, sasa mbona siye tuache za Kivu? Bile huko sambaza ni shida, weka ndakala.

Fromaji nitakutumia nikipata mtu wa kuaminika anakuja huko. Uniambie tu sufuria yako iko na upana gani, juu hiyo unga inatoa tatu za sentimita 26 hivi, kama yako ni ndogo itabidi uigawe ine.

Mama yako