Sabuni za harusini ziive kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie vile visabuni vidogo vya mapambo ambavyo siku hizi wageni hugawiwa harusini, vikiwa vimefungwa utepe na kupangwa kwenye kikapu cha ukili karibu na mlango. Mimi mwenyewe ni mtengenezaji wa sabuni hizo hapa Pangani, kwa hiyo nisidhaniwe kuwa nawaonea wivu wenzangu au kwamba napinga urembo.

Miezi michache iliyopita nilipewa kimoja chenye umbo la waridi, chekundu, kinachonukia vizuri. Nikakitia mkobani, kwani faida ya sabuni hizi ndiyo hiyo: kipande cha gramu 25 hakimwagiki, hakilemei, na kinamtosha msafiri kunawa mikono njiani kwa siku kadhaa. Nilipofika nyumbani nilikuta utepe umelowa na pochi imepata doa jekundu, na nilipokitumia jioni viganja vikaniwasha hata nikalazimika kuvisuuza kwa maji matupu kwa muda mrefu. Aliyekitengeneza simjui, wala si yeye ninayemwandikia barua hii.

Kwa ninavyoifahamu kazi yetu, sabuni ile ilikuwa na kasoro mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, iliyokadiriwa kwa kifuniko au kijiko badala ya kupimwa kwa mizani. Gramu 500 za mafuta ya nazi huhitaji karibu gramu 91 za kostiki ili yageuke yote kuwa sabuni; mimi hutia 80 tu, katika mililita 180 za maji, ili mafuta kidogo yabaki, kwa sababu sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, na chombo kiwe ndoo ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, maana sufuria zetu hizi za aluminiamu huliwa na kostiki na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Sabuni iliyozidishwa kostiki haiponi kwa kuwekwa. Hata ikikaa kabatini mwaka mzima, usiwape watu wanawie.

Kasoro ya pili ni haraka. Sabuni hushikana kwa siku moja au mbili, na mtu akaiona ngumu akadhani imekwisha kuwa tayari, kumbe bado imejaa maji. Inahitaji wiki nne hadi sita juu ya kichanja chenye hewa ndipo iive, na kipande kilichotoka kwenye kalibu kikiwa na gramu 30 hupungua gramu tatu nne. Ikifungwa kwenye nailoni mapema, hasa wakati wa masika, hutoa jasho, kwa kuwa sabuni ya nyumbani hubaki na gliserini yake, nayo huvuta unyevu wa hewa. Karatasi au kipande cha kanga chakavu kinafaa zaidi, na kwa jicho langu kinapendeza kuliko nailoni inayong'aa.

Kuhusu mapambo yenyewe, nakiri nimeharibu nyingi kabla ya kujifunza. Asmini nilizozipanga juu kwa uangalifu ziligeuka rangi ya majani ya chai kabla ya wiki kwisha. Mafuta ya karafuu ndiyo yaliyonitia adabu: siku ya kwanza niliyoyatumia, mchanganyiko uliokuwa laini kama uji uliganda ndoonimo kabla sijauinua mwiko, ikabidi niuchimbue kwa kijiko, na vipande 25 nilivyokuwa nimeahidi vikawa mabonge ya kufulia. Tangu hapo hutia matone machache tu, tena mwishoni kabisa, kalibu zikiwa zimekwisha kupangwa. Rangi naipata kwa mbegu za mzingefuri zilizolowekwa kwenye mafuta, au kwa manjano kidogo.

Sabuni ya nazi ina sifa nyingine ambayo sisi wa pwani tungepaswa kuisema zaidi tunapouza: hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia waliitumia kuogea kwa maji ya bahari. Mgeni anayelala kwenye nyumba yenye kisima cha maji ya chumvichumvi ataikumbuka zawadi yake.

Ombi langu kwa watengenezaji wenzangu ni kwamba kila kipande, hata kiwe kidogo kama kokwa ya tende, kiambatane na kikaratasi chenye tarehe ya kumiminwa na majina ya vilivyomo, kwani wapo ambao ngozi zao hazipatani na karafuu wala mdalasini. Lakini sehemu kubwa ya lawama ni ya wateja. Mwenye shughuli huweka nafasi ya ukumbi miezi mitano kabla, kadi huchapishwa mapema, kisha anakuja kwangu siku kumi kabla ya harusi akitaka vipande 300 vyenye umbo la moyo, na nikikataa anakwenda kwa atakayekubali. Anayepanga harusi ya Mfungo Mosi aniletee agizo Shaabani ikiwa changa.

Mtengenezaji wa sabuni,
Pangani, Tanga.