Kumhusu Amália Rodrigues

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi, nikitumai kuwa wewe na jamaa zako hamjambo. Umeniuliza iwapo mwimbaji Amália Rodrigues, aliyevuma Ureno enzi za udikteta wa Salazar na kupokea nishani za serikali ile, hakuwa kipaza sauti cha watawala.

Alizaliwa Lisbon mwaka 1920, akalelewa na bibi na babu yake katika ufukara, na ujanani aliuza matunda bandarini Alcântara. Mwaka 1939 alianza kuimba fado, nyimbo za majonzi za Ureno, kwa malipo, na kufikia 1956 alikuwa jukwaani katika ukumbi wa Olympia, Paris. Umaarufu huo kweli uliwafaa watawala, wala sidai kwamba aliukataa.

Hata hivyo, itazame kazi aliyoifanya na mtunzi wa muziki Alain Oulman, ambaye kuanzia albamu yao ya 1962 alimletea tungo za washairi wa vitabuni, akazitilia sauti ambazo wapiga gitaa wa fado hawakuzizoea. Mwaka 1965 Amália alipoimba mashairi ya Luís de Camões (ndiye yule wa karne ya 16 aliyezitaja Mombasa na Malindi katika utenzi wake), magazetini pakazuka ubishi iwapo mwimba fado anastahili kumgusa mshairi wa taifa. Kwangu mimi, lenye uzito zaidi ni “Abandono”, shairi la David Mourão-Ferreira lililomo katika albamu ile ya 1962: linamlilia mtu aliyechukuliwa usiku wa manane kwa sababu ya fikra zake huru, akafungwa mahali anapousikia upepo na bahari tu. Wasikilizaji waliitambua mara moja ngome ya Peniche, gereza la wafungwa wa kisiasa, na wimbo ukapigwa marufuku.

Mwaka 1966 Oulman mwenyewe alikamatwa na polisi wa siri, kisha akafukuzwa nchini. Amália alihangaika ili aachiliwe, na baadaye akaendelea kuimba tungo za Oulman, jambo ambalo kibaraka asingethubutu. Baada ya mapinduzi ya 1974 yaliyouangusha udikteta ule, alisemwa vibaya sana. Lakini alipofariki Oktoba 1999, serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na mwaka 2001 mwili wake ukahamishiwa Panteão Nacional, jengo la makaburi ya mashujaa wa taifa, akawa mwanamke wa kwanza kuzikwa humo.

Isikilize kwanza albamu ya “Com que voz” ya 1970, muziki wote wa Oulman, kisha uniandikie kama bado unashikilia neno lako.

Wako daima,
Sahibu yako