Risala ya Klabu ya Mdahalo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli za jimbo na kuja kuketi nasi. Madawati na kompyuta wenzetu watakuomba. Sisi tuna jambo la kibunge.

Mwaka huu tumejadili zaidi Sahara Magharibi, eneo la pwani kusini mwa Moroko lililokuwa koloni la Hispania. Hispania iliondoka mwaka 1976, Moroko na Mauritania zikaigawana, ingawa mwaka uliotangulia Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikwisha kusema kwamba wenyeji wana haki ya kujiamulia mambo yao. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa uliwaahidi kura ya maoni, wachague uhuru au kuwa sehemu ya Moroko. Haijapigwa hadi leo, na Wasahrawi, yaani wenyeji hao, waliozaliwa katika kambi za wakimbizi huko Tindouf, Algeria, wanalea watoto wao humo humo. Jambo hili linatuuma.

Tanzania iliitambua jamhuri waliyoitangaza Wasahrawi mwaka 1978. Tarehe 22 Septemba 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa hapa Arusha, iliamua kesi ambayo nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nane zilizoshtakiwa baada ya Moroko kupokelewa tena katika Umoja wa Afrika. Haikututia hatiani, ila ilisema kila nchi ina wajibu wa kusaidia kuumaliza ukaliaji wa Moroko huko Sahara Magharibi.

Mdahaloni wapo waliouliza: bunge letu linahusikaje na ardhi ya wengine? Wakataja Uswidi, ambako Desemba 2012 Bunge liliitaka serikali iitambue Sahara Magharibi, na Januari 2016 serikali ikakataa. Hoja ni nzito. Upande wa pili ukajibu kwa Bunge la Ulaya. Desemba 2011 wabunge wake, kwa kura 326 dhidi ya 296, waliukataa mkataba wa uvuvi na Moroko uliogusa pia bahari ya Sahara Magharibi, na meli za Ulaya zikalazimika kuondoka. Miaka miwili baadaye mkataba mwingine ulipita, na hilo lilitusikitisha. Lakini tuliona kura ya mbunge inaweza kufika kwenye mali yenyewe inayogombaniwa.

Mheshimiwa, tunakuomba upeleke hoja binafsi, Bunge litoe azimio la kuunga mkono kura ya maoni ya Wasahrawi. Ikishindikana, basi muulize Waziri wa Mambo ya Nje swali hili, jibu liingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge: tangu hukumu ile ya Arusha, Tanzania imefanya nini?

Tunaomba kuwasilisha.